Ngitili ya Nyanjige

"Tokeni humo! Tokeni, mlaaniwe!"

Nyanjige alianza kupiga kelele kabla hata hajafika. Ua wa miiba ulikuwa umevutwa pembeni, na ndani ya ngitili yake, lile eneo la malisho ya akiba, katika nyasi zilizofika kiunoni, ng'ombe kumi na wawili wa shemeji yake Shija walikuwa wanakula. Tena walikula taratibu, kama wageni walioalikwa.

Hebu fikiria! Mwezi wa tano, nyasi mbichi kabisa! Pale kijijini Somanda hata mlevi alijua kwamba ngitili hufungwa mvua zinapoanza, na haifunguliwi mpaka nyasi zikauke zenyewe na malisho mengine yaishe. Nyasi zile ndizo zingewavusha kiangazi ng'ombe wake watatu, urithi pekee alioachiwa na marehemu mumewe Zengo. Bila ng'ombe wale wanawe hawana maziwa.

Shija alikuwa amekaa juu ya kichuguu, anatafuna kijiti.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka gani! Nani kakuruhusu kufungua?"

"Ardhi ni ya ukoo. Leo wakwe wa kijana wangu Marcelo wanatoka Ipililo kuja kukagua ng'ombe wa mahari. Unataka waone mifupa? Malimi, baba wa binti, atamkataa kila aliyekonda. Hizi ni nyasi tu, zitaota tena."

"Zitaota kwa nguvu gani?" Nyanjige aling'oa shina zima, akamsogezea puani. "Jani ndilo jiko, Shija. Linapika kwa jua mchana kutwa, chakula kinashuka mizizini. Likimaliza kazi ndipo linakauka. Wewe umewalisha ng'ombe jiko lenyewe! Mzizi utalala njaa, mvua zikija utachipua nini? Na mimi kiangazi nitalisha nini?"

"Mungu atatoa."

Mungu atatoa! Na ngitili ya Shija mwenyewe, hapo ng'ambo ya korongo, je? Aliifungua mbichi hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka. Sasa hapana nyasi, hapana panzi, hapana kware waliokuwa wakila panzi. Mvua ikinyesha inabeba udongo hadi kisimani, wanawake wanachota tope. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Shija macho yake yalikuwa ya mapambo.

Nyanjige alikuwa na hasira hadi meno yakamuuma. Basi hakuwafukuza wale ng'ombe. Aliinama, akakamata matawi ya mgunga, akayaburuta moja moja mpaka mlango ukazibika.

"Unafanya nini?" Shija alishuka kichuguu haraka.

"Nafunga ngitili yangu."

"Ng'ombe wangu wamo ndani!"

"Wamo. Watatoka ukishasema mbele ya wakwe zako ng'ombe wangu watakula wapi kiangazi."

Shija aliinua fimbo. Halafu akakumbuka wageni wako njiani. Nani atampa binti mtu anayempiga mjane wa kaka yake? Akaishusha, akacheka.

"Hasira hasara, shemeji. Kadiri unavyowafungia ndivyo wanavyozidi kula."

Ilikuwa kweli. Alijua, na kujua huko ndiko kulikomchoma zaidi. Lakini kufungua sasa ni kumwambia Shija arudi mwakani.

Malimi alifika na ndugu zake wawili, miguu imejaa vumbi. Walisalimiana. Akachungulia juu ya ua, akawatazama ng'ombe, akaitazama miiba.

"Wanapendeza. Mbona wamefungiwa?"

Shija alichorachora ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Mwambie," Nyanjige alisema. "Mwambie wanakula nyasi za nani."

Malimi alimgeukia Shija. "Ni za nani?"

Shija akamsogelea Nyanjige na kunong'ona, "Fungua, mayu, mama yangu. Nakuomba. Usinivunjie ndoa ya mtoto."

"Asubuhi hukuniomba."

"Tutaongea nyumbani."

"Tuongee hapa. Nyumbani kwako hakuna nyasi."

Malimi alikaa chini, akalaza fimbo yake magotini, akasubiri jibu la Shija, na ndugu zake wakakaa. Nyuma ya mgongo wa Nyanjige ng'ombe waliendelea kung'oa nyasi, kwaru, kwaru, naye akaegemea miiba bila kugeuka.