Ngo-ngo-ngo kwenye Simu

Gari lile la dizeli nilimpa mimi binti yangu alipohamishiwa zahanati ya mbali. Miaka mitano sijamwona, na mjukuu wangu wa miaka minne namjua kwa picha tu. Mimi kwenda siwezi: goti langu liliangukiwa na giaboksi, halikubali kukunjwa ndani ya basi. Yeye naye kapewa likizo ya siku nne. Kwa mabasi, siku hizo zote zingeishia njiani. Kwa gari, angetoka alfajiri na jioni awe mezani kwangu. Nilifua shuka zote. Nikapaka rangi hadi mlango wa choo.

Asubuhi ya safari akanipigia.

"Baba, linagonga."

"Lifungulie mlango, limekuja na adabu."

"Baba, sitanii!"

"Haya, niigizie."

Simu huchuja sauti nzito za injini, siiamini. Lakini binti huyu alikulia karakana kwangu. Alijua kuigiza pampu mbovu kabla hajajua kuhesabu.

"Ka-ka-ka-ka," aliigiza. "Mlio mkavu, mwepesi."

Roho ikatulia. Mlio wa namna hiyo ni nozeli, kile kidude cha kupulizia dizeli ndani ya injini, na nozeli unabadilisha, unanawa mikono, unaondoka.

"Chukua spana ya kumi na saba na kitambaa. Injini ikinguruma, legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, sikiliza, kaza. Kisha inayofuata. Pale mlio utakapoondoka, ndipo penye ugonjwa. Na uso uweke mbali, dizeli ikiruka haichagui mkubwa."

"Ya kwanza, bado... Ya pili, bado." Spana ikalia kwenye chuma. "Ya tatu... umeondoka, baba! Umeondoka!"

"Umeondoka au umepungua?"

"Umeondoka."

Mteja mwingine ningemwambia arudie. Huyu nilimuuliza, "Mtapenda niwapikie nini?"

Ndipo sauti ndogo ikasikika nyuma yake: "Mama, bado inagonga. Ngo. Ngo. Ngo."



Ngo nzito ya chini si nozeli. Ni beringi za mkono wa pistoni zimelika. Gari hilo lingeweza kwenda saa tatu bila neno, kisha mkono ukatike mlimani na kutoboa injini, wao wawili wakiwa peke yao porini.

"Muuguzi mzima, unamficha fundi ugonjwa?"

"Mlio niliulainisha kidogo tu. Nilidhani tukienda polepole..."

Nami nilidhani hivyo hivyo. Njooni polepole: maneno mawili tu, yalikuwa yameshafika mdomoni.

"Zima."

"Mabegi yamo ndani, baba."

"Zima, mama. Na usiliwashe tena mpaka lifunguliwe."

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Nilimsikia akivuta kamasi.

"Hebu nipe huyo fundi wako mdogo."

Simu ikapokewa kwa pumzi nyingi. "Babu, tunakuja leo?"

"Leo hapana, bibie."

"Kesho?"

Nilitafuta mzaha, nao siku zote hauniishii. Siku hiyo uliniishia.

"Niambie kwanza, una urefu gani?"

Nikasikia nyayo zake akienda kujipima. "Nafika kwenye taa ya gari. Ya mbele."

Taa za gari lile nimezifunga kwa mikono yangu. Nikasimama katikati ya karakana, nikanyoosha kiganja hewani pale zinapofikia, nikakiacha hapo.