Mashine Yenye Taa

Mchagua jembe si mkulima, wanasema, na siku hiyo ndani ya duka la mashine Fundi Sare alichagua jembe mpaka muuzaji akaanza kupiga miayo waziwazi, bila hata kuziba mdomo.

Mtaani walimwita Fundi Sare kwa sababu kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameshona sare za shule tu: kaptula, sketi za marinda, mashati yenye mfuko mmoja kifuani. Ungempa gauni la harusi angekurudishia gauni lenye kola ya shule. Lakini leo hakuja kwa habari za sare. Alitaka mashine ya kushonea mfarishi, yaani lile blanketi la viraka juu, kitambaa chini na kitu kizito katikati, ambalo cherehani yake ya nyumbani ilikuwa imelikataa katakata. Na aliitaka siku hiyohiyo.

Mfarishi wenyewe ulikuwa wa marehemu mumewe. Mumewe alikuwa fundi bomba, na mwaka juzi ukuta wa mtaro alimokuwa akilaza mabomba ulimporomokea. Siku ya maziko mama yake mzazi alikuwa amelazwa hospitali kwa presha ya macho, macho yote mawili yamefungwa bendeji. Watu walikwenda kuzika, yeye akabaki kitandani akisikiliza magurudumu ya vitanda yakipita varandani. Mwanawe wa pekee alizikwa bila yeye kumtupia jicho la mwisho, na jambo hilo lilimkaa kooni mpaka leo.

Alipotoka hospitali alihamia kwa mkwewe, akafungua kabati la mwanawe, akatoa mashati na suruali zake zote za kazi na kuanza kuzikata viraka. Aliviunganisha kwa mkono, mstari kwa mstari. Shati la kijani lenye doa la kutu, ambalo sabuni zote za mjini zilishindwa kulitoa, alilipa nafasi ya katikati, zima na mfuko wake. Tumboni mwa mfarishi aliagiza litiwe blanketi la sufu ambalo mwanawe alikuwa akijifunika. Kisha daktari wa macho akawaita wote wawili, akasema dawa imefika mwisho wake. Mwezi mmoja, labda miwili. Giza lingeanzia pembeni, lisogee mpaka likutane katikati.

"Kumwona akizikwa nilikosa," mama mkwe alisema walipokuwa wakirudi nyumbani. "Hapa sikosi. Nikishamwona mzima ametandikwa kitandani, giza lije tu, nitalipikia na chai."

Wiki tano zilikuwa zimepita tangu siku hiyo. Kilichobaki ni mishono ya kuyashikamanisha matabaka matatu, na mishono hiyo ndiyo iliyomtoa Fundi Sare nyumbani, akiwa na pesa kifuani, alizopata kwa kuuza spana na misumeno ya mabomba ya mumewe. Spana hazikuwapo tena. Pesa hiyo ingenunua mashine moja, mara moja.

Muuzaji, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, alimwonyesha mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, imekaa juu ya fremu ndefu kama kitanda cha watu wawili, na kwa bei yake mtu angeweza kuoa.

"Hiyo wapite nayo wenye viwanda," alisema Fundi Sare. "Nikiiingiza ndani mimi na mama tutalala uani."

Zilibaki mbili za ukubwa wa kati, na hizo ndizo alizozizunguka asubuhi nzima. Moja ilikuwa imetumika, rangi imebanduka, ikiwashwa inaguruma. Nafasi kati ya sindano na nguzo, pale ambapo mfarishi uliokunjwa hupita, ilikuwa inchi kumi na tatu. Taa yake ilikuwa imekufa na vipuri vyake havipatikani. Nyingine ilikuwa mpya, nyeupe, bei ileile. Nafasi yake ilikuwa inchi kumi, lakini juu ya sindano ilikuwa na taa ambayo muuzaji alipoiwasha, Fundi Sare aliona hadi vinyweleo vya mkono wake mwenyewe.

Akaiona taa ile, akamwona na mama mkwe ameketi chini yake. Moyo ukaamua papo hapo, akili ikabaki kutafuta sababu.

"Dada, mfarishi wako ukiukunja una unene gani?" muuzaji aliuliza.

"Nimeupima. Tisa."

"Umeupimaje? Afadhali ungeuleta tuupitishe hapa. Watu wengi huumia kwa hilo, na mali ikitoka dukani kwangu hairudi. Nimeandika pale ukutani."

Fundi Sare aliyatazama maandishi ukutani, kisha akamtazama muuzaji juu hadi chini. Alete nguo za mumewe dukani, zishikweshikwe juu ya kaunta kama mtumba?

"Kaka, mimi tepu nimevaa shingoni miaka kumi na miwili," alisema. "Tisa ni tisa. Na inchi moja ya kupumulia juu yake. Nifungie hiyo yenye taa."

"Haya. Fundi ni wewe," muuzaji akasema, akachomoa kalamu sikioni.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watu walimwangalia akipita na boksi kichwani wakadhani limejaa sponji. Alifika nyumbani shingo imezama mabegani, akaiweka mashine juu ya meza, akaondoa karatasi. Mama mkwe akaisogelea na kuipapasa toka juu hadi chini, polepole, kama anayemkagua mtoto aliyetoka kuoga.

"Inang'aa," alisema. "Umechagua vizuri, mwanangu. Leo umenishinda hata mimi."

Ni nadra sana mama mkwe kukubali kushindwa, na Fundi Sare alifurahi kupita kiasi. Alitia uzi, akakunja nusu ya mfarishi kutoka upande wa kulia, akausukuma chini ya mkono wa mashine. Haukupita. Akaukunjua, akaukunja upya kwa kuubana kwa magoti. Haukupita. Akaufunga kwa kamba sehemu nne, akaegemea kwa kifua chake chote. Ukaingia kidogo, ukakwama, na alipokanyaga pedali sindano ilivutwa pembeni ikakatika.

"Nini hicho?" aliuliza mama mkwe.

"Sindano tu, mama."

Alichukua tepu. Akaizungusha kwenye mfarishi uliokunjwa: thelathini na sita, vilevile kama alivyopima jana. Thelathini na sita gawa kwa nne, tisa. Kisha, kwa mara ya kwanza, akailaza tepu juu ya kichwa cha mkunjo, kutoka ukingo hadi ukingo. Kumi na moja na nusu.

Alikuwa ameupima mfarishi kama kifua cha mwanafunzi! Kila fundi hupima mzingo wa kifua akagawa kwa nne, kwa sababu shati hulala bapa mezani: mbele na nyuma, kulia na kushoto. Alikuwa amegawa kwa nne maelfu ya mara bila kufikiri, na jana hakufikiri pia. Mkunjo ni duara. Haukulala bapa, na huu, wenye suruali za kazi juu na sufu tumboni, haukubanika hata kwa kamba. Hata ile inchi ya kupumulia aliiongeza kama anavyowaongezea watoto wa darasa la kwanza.

"Mama," alisema, akaketi sakafuni. "Nimetuharibia. Haupiti. Nilipima vibaya, na ile iliyotumika ilikuwepo, inchi kumi na tatu, niliiona kwa macho yangu. Nikafuata taa. Duka halirudishi. Spana zimekwenda. Nikishona kwa mkono ni miezi minne, na wewe huna miezi minne."

Alilia kwa sauti, bila haya, kwa namna ambayo hakuwahi kulia hata msibani. Msibani kulikuwa na watu wa kupikia na watoto wa kunyamazisha. Hapa kulikuwa na kosa lake peke yake. Majuto ni mjukuu, na huyu wake alizaliwa na meno.

Mkono wa mama mkwe ulikuwa juu ya mfarishi, unapita kwenye mshono mmoja, unarudi.

"Ukikatwa vipande vitatu utapita?" aliuliza.

"Mama!"

"Nimekuuliza swali la kazi, usiniite jina."

"Utapita. Vipande vyembamba vinapita hata bila kukunjwa. Nikishamaliza naviunganisha. Lakini ni mkasi, mama. Viraka nitavifumua kwenye mshono, ila blanketi lake la ndani ni mkasi tu."

"Basi kata."

"Kata wewe. Ni mwanao."

"Mikono yangu inatetemeka. Kata wewe, ulilala naye chini ya blanketi hilo."

Fundi Sare alipiga moyo konde. Alifumua mishono miwili mirefu, akaacha lile shati la kijani katikati, salama. Kisha akaingiza mkasi kwenye sufu. Lilikuwa blanketi zito, mkasi ulilitafuna badala ya kulikata, na kila lilipofunguka ile harufu ya zamani ya sabuni ya mche na chuma ilitoka, akawa anakata huku amefumba mdomo asije akapiga yowe. Uso wa mama mkwe ulikuwa umeelekea dirishani.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limejaa chumbani, alipopachika sindano mpya na kukiingiza kipande cha katikati chini ya mkono wa mashine. Kilipita bila kugusa kitu. Akaiwasha taa. Mwanga ukalipiga shati la kijani, mfuko, kifungo, na lile doa la kutu likawa jekundu kama limemwagika leo.

"Njoo, mama. Kaa hapa karibu. Tunaanza na yeye mwenyewe."

Mama mkwe alikuja akipapasa ukingo wa meza, akaketi, akainamisha uso mpaka mwanga ukamjaa machoni. Hakupepesa. Alinyoosha vidole, vikapita pembeni ya kitambaa, vikagusa mashine, vikarudi kutafuta.

"Haya basi, washa hiyo taa yako," alisema. "Nimwone mwanangu."

Fundi Sare alibaki ameishika nguo. Aliyatazama yale macho, yamefunguka kabisa chini ya taa inayowaka, na akayakumbuka yote mara moja: mashine iliyosifiwa kwa kupapaswa, mikono iliyosemekana inatetemeka ilhali sasa imetulia tuli juu ya meza. Alitaka kuuliza tangu lini. Akajua kwamba akiuliza, wote wawili watabaki bila kitu.

Akapeleka kidole kwenye swichi. Akaizima, tik. Akaiwasha tena, tik.

"Nimewasha, mama."

"Ehee," alisema mama mkwe, na vidole vyake hatimaye vikaupata mfuko wa shati. "Sasa naona. Shona."