Uso Ndani ya Duara

“‘Hatuoni uso,’” Enid alinisomea kwenye simu. “‘Tafadhali weka uso wako ndani ya duara.’ Hii ni mara ya saba, Trevor. Nimewasha taa zote, nimevua miwani, nimefuta rangi ya mdomo. Sasa nifanyeje, nikaazime uso kwa jirani?”

Akacheka. Enid anapocheka, maneno yake huteleza, kwa sababu madaktari walimkata nusu ya taya ili kuiondoa saratani, kisha wakaziba pengo kwa nyama ya paja. Alinieleza hayo mwenyewe, kwa mzaha, mwaka ule wa kwanza tulipojuana. Kumwona sikuwa nimemwona. Yeye yuko Wales, alikuwa mpishi wa shule. Mimi niko kaskazini mwa Uingereza, mtahini wa madereva mstaafu. Kwa miaka sita tulikuwa tukikutana kila Jumamosi saa nane mchana ndani ya mchezo wa mtandaoni, pamoja na wenzetu kumi na wanane, tukichimba migodi na kupigana na mazimwi. Enid ndiye jemadari wetu. Nyumbani hatoki, maana watu wa dukani humkodolea macho hadi akasahau alichofuata, lakini kule akisema “Ngao mbele!” watu wazima kumi na tisa hutii bila kuuliza.

Ndipo ikaja sheria mpya. Anayetaka kuzungumza na wenzake mtandaoni athibitishe kwanza kuwa ni mtu mzima. Kampuni ya mchezo wetu ikaleta mashine ya kutazama uso na kukadiria umri. Asiyetaka kutazamwa atume pasipoti au leseni ya udereva. Pasipoti ya Enid ilikwisha muda zamani, na gari hajawahi kuendesha. Kwa hiyo aliweza kuingia mchezoni na kutembea, ila akiwa bubu, hana sauti wala maandishi.

“Lakini simu tunayo,” nilimwambia.

“Kwenye simu niko na wewe tu, mpenzi. Usinune, ila wewe peke yako hunitoshi.”

Tena kulikuwa na kanuni ya kikosi: jemadari akikaa kimya majuma mawili, kura inapigwa achaguliwe mwingine. Majuma mawili yangetimia Jumamosi hiyo, saa nane. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Na hata sheria yenyewe, kwa namna fulani, niliibeba mimi. Vipeperushi elfu moja na mia moja vya mbunge wetu vya kuitetea nilivitia kwenye milango ya mji wetu kwa mikono yangu, mvua ikininyeshea, na mbwa wa nyumba namba arobaini akaninyofolea ncha ya glavu. Juu ya kila kipeperushi palikuwa na picha ya mtoto aliyemulikwa na simu, na maneno: Mlinde Mtoto Wako. Niliyaamini. Mimi ndiye niliyewahi kumfelisha kasisi kwa kutotazama kioo cha pembeni mara moja tu, na usiku wake nikalala fofofo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumamosi asubuhi nilifunga tai, nikaenda kumwona mbunge wetu katika ukumbi wa kanisa la Methodisti, mahali anapowasikiliza wananchi. Tulikuwa saba kwenye viti vya plastiki, kila mmoja akimwomba radhi mwenziwe kwa kuwahi. Bibi aliyenitangulia alikuja na shauri la mapipa ya taka, na alilimaliza lote. Zamu yangu ilipofika, Bi. Philippa Strang alinyanyuka na kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Trevor! Miguu yetu ya dhahabu! Chukua biskuti.”

Nikachukua. Nikamweleza habari ya Enid, naye akawa anatikisa kichwa kwa mwendo uleule mmoja, neno likiwa zito au jepesi.

“Hakuna mfumo usio na dosari,” akasema. “Muhimu ni kwamba tunawalinda watoto.”

“Enid ana miaka sabini na moja.”

“Haswa. Sasa mtoto akijidai ana sabini na moja, je? Mwambie aombe pasipoti mpya.”

“Itachukua majuma. Kura ni leo saa nane.”

“Kura?” Uso wake uliwaka mara moja. “Kura gani?”

“Ya mchezo.”

Ukazima. Alichovya biskuti kwenye chai, akaitafuna, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Huyo mama, ameharibika sana?”

Nami nikamwambia. Nilimwambia habari za taya, za paja na za watu wa dukani, na kila nilivyoendelea nilimwona akisogea karibu, nikajipa moyo kwamba sasa neno limeingia. Akamwita msaidizi wake, kijana wa suti aitwaye Jolyon, aandike.

“Angekubali kupigwa picha?” Bi. Strang akaniuliza. “Si kwa hili la mtandao, hilo limeshapita. Ni kwa kampeni yetu ya hospitali. Sura kama hiyo inamgusa mpiga kura, Trevor. Inamsimamisha mlangoni. Na vipeperushi ungevigawa wewe mwenyewe, fikiria!”

Biskuti ikageuka mchanga kinywani mwangu. Mashine haikuuona uso wa Enid. Huyu aliuona, akaona na mahali pa kuubandika. Nilitaka kumwambia maneno ambayo ukumbi ule wa kanisa haujapata kuyasikia. Nilichosema ni hiki: “Nitamuuliza. Asante sana kwa muda wako.”

Nilimshukuru! Nilipofika maegeshoni nilitema kila kitu kwenye ua wa majani. Nilikuwa na kinyaa naye, na kinyaa na biskuti zake, na zaidi nilikuwa na kinyaa na hii adabu yetu inayomfanya mtu atemewe mate kisha aombe radhi kwa kuwa na uso wenye maji.

Nilimpigia Enid saa saba na robo.

“Kasemaje?”

“Anataka picha yako. Ya kampeni.”

“Amejuaje kama nina sura ya kampeni?”

“Nilimwambia mimi.”

“Wewe hujaiona.”

“Sijaiona.”

“Basi umemgawia mtu kitu ambacho hata wewe hujapewa.” Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nilikaa nikiitazama saa ya ukutani. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, “Enid, washa mchezo. Nenda kwenye ukurasa wa kumpamba jemadari wako, yule mwanasesere wa mchezoni, umkuze mpaka kichwa kijae kwenye televisheni. Halafu shika simu, uielekeze kwake.”

“We Trevor! Huo si udanganyifu?”

“Ndiyo.”

“Mtahini mzima!”

“Elekeza simu, mama.”

Jemadari wa Enid ana nywele nyekundu, macho ya kijani, na kovu shavuni, kovu la urembo alilolichagua kwenye orodha kati ya pete na hereni. Mashine ilimwamuru ageuze kichwa, naye Enid akamgeuza kwa kitufe. Nilijikuta nikitumia sauti yangu ya kazini: “Kushoto, polepole. Tazama mbele. Kulia. Usiharakishe. Mpepesishe macho.” Kwa miaka thelathini na mmoja sauti ile haikuwahi kumsaidia mtu kuvunja kanuni yoyote.

“Imekubali,” akasema Enid. Kisha akanisomea: “‘Asante, Enid. Tumeuona uso wako.’”

Akacheka, kicheko kirefu cha kuteleza, halafu kikakatika ghafla. Mimi sikucheka. Wale walinzi wa watoto walikuwa wamempigia saluti mwanasesere.

Zilipobaki dakika tano kufika saa nane tuliingia mchezoni. Wenzetu walikuwa wameshaanza kufika, wakisalimiana na kutaniana. Enid hakuwajibu. Aliniita kwenye chumba cha pembeni, cha watu wawili.

“Wale wa mashine wanasema wameuona uso wangu,” akasema. “Wewe je, unataka?”

Nikafungua kamera yangu kwanza.

“Mungu wangu, Trevor! Umefunga tai kuja kupigana na mazimwi?”

“Nilikuwa kwa mbunge.”

“Na hayo makombo ya nini?”

Nikajifuta. Kwenye skrini kisanduku chake kilikuwa cheusi, jina lake limeandikwa katikati kwa herufi nyeupe. Nilisikia akiburuta kiti, kisha akiwasha taa, kisha akiizima. Kule nje wenzetu walikuwa wakiuliza jemadari yuko wapi, saa nane imeshapita.

“Wangoje,” akasema Enid.

Nikaweka mikono yangu juu ya meza, nami nikangoja.