Kranki Ndefu ya Pikapu ya Bi Mwajabu

Katika gereji ya Yotham pale Ihumwa kulikuwa na desturi moja: injini iliyokufa haifunguliwi mpaka mwenye gari na dereva wake wawepo, asije mtu akasema kaibiwa kifaa au kasingiziwa. Desturi hiyo aliianzisha Yotham mwenyewe, na siku ile aliijutia.

Bi Mwajabu, mfanyabiashara wa alizeti wa Majengo, aliketi juu ya ndoo iliyotandikwa gunia. Dereva wake, Mzee Sila, alisimama kando, kofia mkononi. Yotham akafungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Mkono wa pistoni ulikuwa umelala ndani ya oili chafu, umekatika vipande viwili.

Wiki tatu nyuma pikapu ile ya Bi Mwajabu, yenye turbo, ilikuwa fahari ya Yotham. Ilikuwa ikichoka kwenye milima ya Kondoa, naye akaifungia kranki ndefu, chuma kilichopindapinda kinachozungushwa na pistoni. Alimweleza Mzee Sila kwa ngumi, akiipandisha na kuishusha.

"Sasa safari ya pistoni imerefuka, mzee wangu. Kila mzunguko injini inavuta hewa nyingi zaidi, turbo inaamka mapema, nguvu unaipata chini kabisa. Lakini safari ndefu kwa muda uleule maana yake pistoni inakimbia zaidi. Ukipandisha raundi kama zamani, itajirarua. Mshale wa raundi usipite elfu tatu na nusu."

"Kama mtu mwenye hatua ndefu," Mzee Sila alisema. "Akitembea tu anafika. Ana haja gani ya kukimbia?"

Jioni ileile walipotoka kuijaribu gari, mafundi wenzake walimtania Yotham barabarani. "Umeipa miguu ya twiga, sasa haikimbii tena." Yotham akakanyaga mafuta. Mshale ukapita elfu nne na nusu, mara ya kwanza, kisha ya pili. Mzee Sila, aliyekaa pembeni yake, alishika mlango. "Mwanangu, si umesema mwenyewe..." Yotham alicheka.

Sasa hakucheka.

"Kimevunjwa na nini hiki, fundi?" Bi Mwajabu aliuliza.

"Raundi nyingi. Boliti zilivutika, mwisho mkono ukakatika."

Bi Mwajabu akamgeukia dereva aliyemwendeshea kwa miaka kumi na moja. "Sila, ulikuwa unaikimbiza gari yangu?"

Mzee Sila alimtazama Yotham. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Yotham aliinamia spana. Mzee akasema, "Huenda mguu wangu umekuwa mzito, Bi Mwajabu. Uzee huo."

"Basi nipe funguo."

Akazitoa. Kabla ya kuondoka alikiona kikombe cha chai cha Yotham kiko wazi, vumbi linapiga, akakifunika kwa kisahani.

Kisahani kile ndicho kilichomnyima Yotham usingizi. Kulipokucha alikwenda Majengo kwa miguu, akapita katikati ya magunia ya sokoni, akamkuta Bi Mwajabu akipepeta alizeti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umepata mkono mwingine?"

"Si Mzee Sila aliyeivunja. Ni mimi. Niliipandisha raundi siku ya kuijaribu, nikijionyesha kwa wenzangu. Yeye alinikumbusha, sikumsikia. Nitaitengeneza upya kwa gharama yangu."

Ungo ulisimama. "Na jana ulikuwa umemeza ulimi?"

 Wachuuzi wa jirani waliacha kazi zao, wakamtazama Yotham.

Bi Mwajabu akafungua pindo la khanga, akampa funguo. "Mimi nilimfukuza mbele yako. Mrudishie wewe, mbele ya mke wake. Mwambie namsubiri, na mimi nina la kumwambia."

Mzee Sila aliishi mtaa wa Kikuyu. Mke wake, Anyesi, alimkaribisha Yotham kwa kigoda. Yotham hakukaa. Alisema yote, na ujumbe wa Bi Mwajabu, akiwa amesimama, macho chini, funguo kiganjani.

Anyesi alimgeukia mumewe. "Uliniambia ni uzee."

Mzee Sila alizichukua funguo taratibu, akazifuta kwa shati ingawa hazikuwa na uchafu.

"Umetembea kutoka Majengo na jua hili?" akamuuliza Yotham. "Kaa kwanza. Anyesi, mpe uji."

Yotham akakaa. Akapokea bakuli kwa mikono miwili, akalishika hivyo kwa muda mrefu, asiweze kunywa.