Mchana Mmoja Nkubu

Ijumaa ya pili tangu warudi Doha, Peninah aliingia kanisani Mesaimeer na Chelsea mgongoni, jasho likimtiririka mpaka machoni, na kiatu kimoja cha mtoto kimedondoka asikokujua. Tangu watoke Kericho, mtoto huyu hakuwa na kazi nyingine ila kumlilia bibi yake, aliyemwita Gogo. Gogo asubuhi, Gogo mezani, Gogo bafuni. Alikuwa na miaka miwili na nusu, mzaliwa wa Doha hii hii, lakini miezi minne ya likizo ilikuwa imemfutia mji mzima kichwani, na mama yake pamoja nao. Akilishwa anatema. Akibebwa anasukuma kwa viwiko. Akiwekwa chini analia abebwe.

Tusidanganyane, wamishenari nao huchoka. Ila barua za maombi zinazotumwa kwa makanisa ya nyumbani husema tu kwamba familia inaendelea kuzoea mazingira, na chini yake hubandikwa picha, wote wakicheka. Ya mwezi ule iliandikwa na Mutai, mumewe. Mutai alikuwa mchungaji mzuri na mume mwema, lakini akishashika kipaza sauti husahau kwamba ana mtoto. Alikuwa mbele akihubiri kwa nguvu zake zote, na Peninah alikuwa nyuma akitembea kando ya ukuta, mgongo unawaka moto, akiomba jambo moja tu: Kendi asije.

Kendi alikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika jumba moja la Al Wukair, na bosi wake alimpa mapumziko ya Ijumaa mbili kwa mwezi. Kama washirika wengine, alikuwa amempa Peninah agizo kabla ya likizo. Ndiyo desturi yao: mchungaji na mkewe wakienda Kenya, wanaandikiwa nyumba za kupitia. Mfikie mama yangu. Mwone mtoto wangu, uniambie amekuaje. Katikati ya kuzunguka makanisa yanayowatuma, Peninah alizitembelea nyumba kumi na moja, na ya mwisho ilikuwa ya kina Kendi, Nkubu, kule Meru.

Huko alifika peke yake, hoi bin taabani. Hata hajafunga mlango wa gari, mtoto wa kiume alitoka nyumbani mbio, akamkumbatia miguu.

"Mama," akasema, "umekuja."

Alikuwa Lenny, mwana wa Kendi, anayekaribia miaka minne. Alikuwa ameambiwa kuna mgeni anakuja kutoka Qatar, na kwake Qatar kulikuwa na mtu mmoja tu. Peninah alifungua kinywa amsahihishe, lakini bibi wa mtoto akamnong'oneza, "Mwache tu kidogo. Amengoja sana." Basi akamwacha. Kuchoka alikuwa amechoka, lakini si hilo tu. Kuna jambo ambalo hakumwambia hata Mutai: alifurahi. Kule Kericho, Chelsea alikuwa ameshaanza kumkwepa na kulala na Gogo, na hapa palikuwa na mtoto aliyemtaka yeye. Akambeba mchana kutwa. Akamlisha kwa mkono wake. Mtoto alipolala mapajani, akamlaza kitandani, akaaga kwa kunong'ona, akaondoka kama mwizi.

Ombi lake la kanisani halikujibiwa. Mutai alipokuwa akitoa baraka, Kendi alikuwa tayari amesimama mlangoni. Nje kulikuwa na kundi jingine likisubiri zamu ya ukumbi, magitaa mabegani, kwa hiyo wanawake wale wawili wakajibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta, joto likiwapanda kutoka chini.

"Mama Pasta, karibu tena. Umekonda, jameni."

"Asante, Mama Lenny. Huyu ndiye ananimaliza."

Kendi alimtazama Chelsea, akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Lenny hataki kuongea na mimi. Nikipiga simu anakataa, ati mimi si mama yake. Ati mama alikuja, akampakata, akaenda. Shosho yake anayemlea anasema ni utoto tu. Lakini sasa ni mwezi mzima, Mama Pasta, na mimi silali. Nimekuja uniombee."

Akainamisha kichwa pale pale.

Peninah naye alifumba macho. Kuomba kungekuwa rahisi, maneno alikuwa nayo mengi, na Kendi angeenda zake ameridhika. Angeendelea kupiga simu na kukataliwa, na kila Ijumaa yake ya mapumziko angerudi kuombewa. Peninah akajionea aibu. Akafumbua macho.

"Kendi, mama aliyekuja ni mimi."

Akamweleza yote, hata ile furaha. Chelsea alikuwa akimvuta ukosi wa gauni na kulia. Kendi hakuinua uso mpaka mwisho.

"Ulimwacha akiwa amelala?"

"Nilimwacha amelala."

"Mimi pia nilimwacha amelala," Kendi akasema. "Alikuwa na miezi tisa. Nilisema akiamka sitaweza kwenda." Akajipangusa uso kwa kiganja, kwa hasira. "Wewe ulikuwa na wako, Mama Pasta. Si ungebaki na wako?"

Peninah alisema nisamehe, na neno lenyewe likatoka dogo.

"Sijui kama nimekusamehe, usiniulize leo. Lakini hiyo simu utapiga wewe. Utamwambia mwenyewe, mimi nikisikia."

"Nitapiga. Hata sasa."

"Si sasa. Sasa hivi dereva wa bosi atakuja." Kendi akamtazama tena Chelsea, safari hii kwa muda mrefu. "Huyu ni kilo ngapi?"

"Kumi na mbili, hivi."

"Na Lenny?"

"Lenny anamzidi."

"Sana?"

Peninah alitafuta namna ya kusema, akakosa. Kendi akanyoosha mikono, akamchukua mtoto, akamweka kiunoni. Chelsea akarusha miguu na kumwita Gogo kwa sauti ya kukata tamaa, lakini Kendi alikuwa na mikono ya kazi, hakutikisika. Kwenye maegesho honi ikalia.

"Ni dereva wangu," Kendi akasema, asisogee. "Mkandamize."

"Nini?"

"Mkandamize chini. Mfanye awe mzito kama Lenny."

Peninah aliielewa haja yake, na machozi yakamlenga. Akaweka viganja viwili kwenye mabega ya bintiye, akakandamiza polepole.

"Hapo?" Kendi akauliza.

"Bado."

Akaongeza. Kendi akapanua miguu kidogo, akakaza mgongo.

"Hapo?"

"Kidogo tena," Peninah akasema, akakandamiza. "Hapo."

Kendi akafumba macho. Chelsea naye, kwa kuchoka tu, akanyamaza. Honi ikalia mara ya pili, kisha ya tatu, na Kendi alikuwa bado amesimama pale, amebeba.