Matundu Sita ya Daraja la Mawe

Ukuta wa ubavuni mwa daraja ulikuwa umetuna kama shavu lenye jino bovu. Niliteremsha timazi: vidole vinne nje ya mstari. Binti yangu, mhandisi wetu mpya, alishaanza kuandika ripoti: daraja lifungwe, ukuta ubomolewe.

"Subiri," nikamwambia.

"Mama, hapa kazini mimi ni mhandisi."

"Haya, mhandisi. Subiri."

Fundi mawe, tunayemwita Nyundo, akaguna. "Leo kuna kazi."

"Tao ni zima," nikasema. "Karne na ushee limebeba mikokoteni, sasa linabeba malori, na hakuna jiwe lililoteleza. Mawe yamebanana, uzito wenyewe ndio unaoyashika. Kinachosukuma ukuta ni maji. Nyuma yake kumeshindiliwa udongo na kifusi. Mvua ikiingia humo, inatokea wapi?"

Binti akachungulia. "Kwenye matundu. Lakini sioni tundu hata moja."

"Yapo sita. Yamezibwa kwa saruji."

"Mpumbavu gani aliyaziba?"

Ningeweza kunyamaza. Mafaili ya wakati ule yaliliwa na mchwa, na Nyundo alikuwa hajaajiriwa. Lakini binti yangu angeandika kwamba mawe ni mabovu, na mtaa mzima ungezunguka kilomita kumi kufika ng'ambo kwa kosa langu.

"Mimi. Miaka tisa iliyopita. Wanaopita chini walilalamika wanadondokewa na maji. Nikaona daraja linavuja, nikaliziba. Diploma nilikuwa nayo, kuuliza sikuuliza."

Nyundo akaangua kicheko. "Kumbe mganga ndiye aliyeleta ugonjwa!"

"Cheka. Ukimaliza, shika patasi."

Tundu la kwanza lilitema matope. La pili lilimrukia mhandisi kifuani, kwenye shati lake jeupe. Akapiga yowe kama alipokuwa na miaka mitano, kisha akajitia ukali.

Tulipima kila asubuhi kwa wiki tatu. Ukuta haukurudi, kuta hazirudi. Lakini haukusogea hata unywele. Mhandisi akaandika ripoti upya, tumesimama chini ya tao: daraja libaki wazi, ukuta ufungwe kwa vyuma.

"Chanzo cha tatizo niandike nini?"

"Jina langu na cheo changu. Kwa wino."

"Bosi atakuita, mama."

"Aniite. Nitamwambia na nani kazibua."

Akaandika. Nikasoma mara mbili, nikatia saini, na lori la mchanga likapita juu yetu.