Karibu Haifutwi

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko kwenye treni ya huku ugenini, nimepakata bakuli la maharage ya nazi na chapati mbili. Behewa limejaa na liko kimya. Huku kila mtu hula chake huku akitazama dirishani, wala hamwonei haya aliyekaa mbele yake.

Mbele yangu kakaa Bwana Halvard, jirani yangu wa mlango kwa mlango, ambaye tangu nihamie hajanipa zaidi ya kutikisa kichwa. Mimi mtoto wa Pangani, chakula hakinipiti kooni namna hiyo.

"Karibu," nikamwambia.

Kwetu mtu angejibu, "Asante, nimeshiba," hata kama hajala tangu jana, na mambo yangeishia hapo. Bwana Halvard anafunga kitabu, anavua koti, anasogea. Nyuma yake abiria wote wanapanga foleni, maana huku foleni ni ibada. Wa mwisho ni pipa la taka lenye midomo minne, kila aina ya taka na mdomo wake.

"Nyie, msinichanganyie," pipa likasema. "Chapati mdomo wa kushoto, maharage wa kulia."

"Nimekusikia, ndugu."

Sijamega hata kipande, mlango ukafunguka, akaingia yule mtu mwekundu wa taa za kuvukia barabara, anayewasimamisha watu hata pale ambapo hakuna gari. Alinifika magotini.

"Bibie, umekaribisha behewa zima kwa bakuli moja," akasema. "Huku neno likitamkwa hutekelezwa. Kama chakula hakitoshi, lifute."

"Nikilifuta?"

"Limefutika kinywani mwako. Hutalisema tena, hata ukirudi kwenu."

Niliogopa, sifichi. Nilijiona barazani kwetu, sahani mbele yangu, wajomba na majirani wanapita mmoja mmoja, nami nimefumba mdomo kama mchoyo. Afadhali nife njaa!

Treni nayo ikachoka kuwa treni. Viti vimekuwa mkeka, tuko uani kwa mama, theluji inadondoka juu ya kinu.

"Karibu haifutwi," nikamwambia yule mwekundu. "Mimi ni binti wa Bi Mwanaisha. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hatujawahi kuuliza wageni ni wangapi. Nawa mikono, ukae."

"Kazi yangu ni kusimama."

"Leo kaa."

Akakaa. Wakamega kwa mkono wa kulia, kila mmoja kipande cha ukubwa wa ukucha. Bakuli halikujaa kwa muujiza. Lilikwisha, pipa likalamba ukingo, na hakuna aliyenung'unika. Nikawatazama wote pale mkekani, kifua kikanijaa kwa fahari.

Nikaamka. Asubuhi nikatoka kwenda kazini. Kwenye benchi la kituoni alikuwa Bwana Halvard, anakula mkate na jibini peke yake. Nikamtikisia kichwa kama ilivyo desturi ya huku, nikataka kupita.

Akaumega mkate kwa mkono wa kulia, akasogea pembeni.

"Karibu," akasema, kwa lafudhi ya Pangani isiyo na doa.

Kwetu ningejibu kwamba nimeshiba. Nilikaa.